Bethwel Hakuichagua Konveta Ile

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio, na kama kuna mtu anapiga gumzo hapo nyumbani, mwambieni asubiri kidogo. Leo tunamkumbuka Bethwel Kipkemboi, dereva wa mbio fupi za magari, mzaliwa wa Molo, mkazi wa Rongai. Bethwel ameshazikwa. Lakini kuna uwongo unaozunguka hapa Nakuru, na dada yake Chepngeno hapati usingizi tangu ausikie. Wanasema Bethwel alijiua kwa kuchagua konveta mbaya, kile kifaa cha ndani ya gari nitakachokieleza. Hakuichagua. Narudia, hakuichagua.

Tuanzie Molo. Bethwel alikua akisukuma malori ya viazi yaliyokwama kwenye matope. Chepngeno anamkumbuka akiwafokea madereva waliokanyaga moto, yaani pedali ya mafuta, hadi magurudumu yakachimba shimo. "Alikuwa anawaambia, mzee, kelele haitoi lori," anasema. "Siku moja akalambwa kofi. Kesho yake akasema vile vile." Huyo ndiye Bethwel. Mcheshi, mkaidi, na mdomoni hana breki.

Ukubwani akapata gari dogo kuukuu la giaboksi ya otomatiki, zito, na akaanza mashindano. Mbio zenyewe ni rahisi kueleza. Magari mawili, barabara moja iliyonyooka, na anayetangulia kufika ndiye mshindi. Ugumu uko kwenye kuondoka.

Sasa nisikilizeni, maana kesi yote iko hapa. Konveta hukaa kati ya injini na giaboksi. Ndani yake oili huzunguka na kupeleka nguvu kwenye magurudumu. Dereva akiwa mstarini hukanyaga breki na moto kwa pamoja. Injini hupanda hadi mahali fulani, kisha konveta huikatalia isipande zaidi. Mahali hapo mafundi hupaita stoli. Ikiwa chini mno, gari huondoka likijivuta. Ikiwa juu mno, injini hulia, watu hushangilia, na oili huchemka bure.

Bethwel na Chepngeno waliitafuta stoli yao wenyewe, kwenye uwanja wa zamani wa ndege za kunyunyizia dawa mashambani. Kaka usukani, dada pembeni akisoma mshale wa mizunguko. Walijaribu konveta moja baada ya nyingine. Ile yenye stoli ya mizunguko elfu nne na mia tano kwa dakika ilipiga kelele hadi ng'ombe wa jirani wakakimbia, lakini gari likakawia kuondoka na oili ikanuka kuungua. Kisha wakafunga ya elfu tatu na mia mbili. Gari likaruka, mgongo wa Chepngeno ukabanwa kwenye kiti, na wote wawili wakacheka hadi wakashindwa kuongea. "Hapo ndipo," Bethwel akasema. "Hii haiguswi tena."

Iliguswa. Mwandalizi wa mashindano, Gathogo, ndiye aliyekuwa akilitunza gari kwenye gereji yake. Alitaka kelele, kwa sababu alikuwa amemwalika mgeni wa heshima kupeperusha bendera ya kuanzisha mbio. Bethwel alipokwenda Molo kumwona mama yake, Gathogo akawaamuru mafundi wafunge ile ya elfu nne na mia tano. Bethwel aliambiwa asubuhi ya mashindano, watu wakiwa wameshajaa.

Chepngeno alikuwepo. Alimsikia kaka yake akisema, "Boss, nitaendesha, sitaki kuwaangusha hawa watu. Lakini msinishikilie kwa line. Hii kitu itachemka."

"Usijali, tutakuachilia haraka," Gathogo akajibu.

Magari yakafika mstarini, mgeni wa heshima akainua bendera. Akaishikilia juu, akipigwa picha. Akageuka upande wa pili ili apigwe zingine. Bethwel akapunguza moto kidogo, na mtangazaji wa uwanja akamkemea kwenye kipaza sauti: "Bethwel, wapatie moto, wageni hawasikii." Chepngeno alikuwa kando ya barabara akipunga mikono yote miwili na kupiga kelele wamwachilie kaka yake. Watu walidhani anashangilia.

Oili ikafurika, ikamwagikia ekzosi, lile bomba la moshi lenye joto kali, na gari likawaka Bethwel akiwa ndani. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa umefungiwa ndani ya gari la waandalizi. Mwenye ufunguo alikuwa kwenye hema la wageni, anakula nyama. Wasikilizaji wapendwa, nimefanya kazi hii miaka mingi, na nimejaribu kulisema jambo hilo kwa upole. Sijaweza.

Kwenye mazishi, Gathogo alishika maikrofoni mbele ya jeneza. Akasema ni mapenzi ya Mungu, halafu akaongeza kwamba kijana alikuwa akijichagulia vifaa vyake. Chepngeno alisimama. Wazee wakamvuta akae, eti msibani watu hawagombani. Akakaa.

Sasa kuna mashindano mapya Jumapili hii, na yamepewa jina la Bethwel. Gathogo alikwenda kuomba baraka za familia. Chepngeno alimwomba kitu kimoja tu: aseme kwenye kipaza sauti kwamba konveta ilibadilishwa, na nani aliamuru. Gathogo akamjibu, "Wachana na hiyo story, dada. Mabango tayari yamechapishwa."

Kwa mama yake Bethwel, Chepkorir, na kwa Chepngeno, poleni sana. Poleni pia kwa kunyamazishwa siku mliyostahili kusikilizwa.

Nanyi mnaopanga kwenda Jumapili, tafakarini mnakwenda kushangilia nini. Mtu akikaa kando yako na kusema Bethwel alichagua vibaya, usimpigie kelele. Mwambie tu: Bethwel alichagua elfu tatu na mia mbili, na dada yake alikuwa kwenye kiti cha pembeni.