Mwalimu Mbio na Kipindi Nilichokiazima

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, ishirini na sita kati yake hapa shuleni kwetu, mwalimu wetu wa michezo anastaafu tarehe 30 Novemba. Wanafunzi humwita Mwalimu Mbio. Nasi wenzake tunamwita hivyo hivyo, hasa tukiwa tumeishiwa pumzi.

Wasifu huu nimepewa niuandike mimi, mwalimu wa hisabati, na mnaojua historia yetu mmeshaanza kucheka. Chekeni tu.

Alianza na mpira mmoja wenye viraka na chumba cha vifaa alichogawana na ndoo za usafi. Mistari ya uwanja aliichora kwa majivu. Tangu hapo netiboli imetuletea vikombe saba, kimoja kikiwa mezani kwa karani, kimejaa kalamu.

Miaka tisa iliyopita Kidato cha Pili walianguka hisabati vibaya mno. Dawa yangu ikawa kuazima kipindi cha michezo. Walimu mnajua kuazima kwetu: kipindi kikishakwenda hakirudi. Nikaazima wiki, nikaazima mwezi, hadi mkuu wa shule akataka kukifuta kabisa kwenye ratiba. Na nilichopata? Saa nane mchana nusu ya darasa wamelala, nusu wananikodolea macho bila kuona kitu.

Mwalimu Mbio hakugombana na mtu. Aliomba muhula mmoja tu: michezo iwe asubuhi, hisabati ifuate papo hapo. Alama zikishuka, kipindi kifutwe, naye ahamishiwe maktaba bila kinyongo. Nilikubali haraka, nikijua nimeshinda.

Wiki ya kwanza waliingia darasani wakitweta, nikalalamika ofisi nzima ikanisikia. Wiki ya tatu nikaanza kuona mikono juu. Kulikuwa na binti wa dawati la nyuma ambaye hakuwahi kumaliza hata mzunguko mmoja wa uwanja. Jumanne moja alimaliza minne, akaingia darasani uso unang'aa, akaja ubaoni bila kuitwa. Akakosea, akafuta, akarudia, akapata! Darasa lilipiga makofi, na mimi nilipiga kuliko wote.

Mwisho wa muhula waliofaulu walikuwa ishirini na tisa, kutoka kumi na mmoja. Kwa uungwana wake, Mwalimu Mbio alisema huenda na mimi nilifundisha vizuri zaidi. Huenda kweli, maana kwa mara ya kwanza nilikuwa nafundisha watu walio macho. Kipindi kikabaki, na hadi leo kiko palepale.

Sasa anaondoka, na mwalimu wa kushika nafasi yake hajapatikana. Wiki iliyopita mkuu wa shule aliniita akaniambia nikichukue kile kipindi, niongezee hisabati. Kitu nilichokitafuta kwa udi na uvumba miaka tisa iliyopita, leo naletewa mkononi. Nimekataa! Nimeomba nikifundishe chenyewe, michezo, mpaka mwalimu apatikane. Raba nimeshanunua, na mke wangu alipoziona alicheka mpaka akakaa chini.

Mwalimu Mbio, asante kwa watoto uliowaamsha, na kwa mwalimu mmoja mbishi uliyemwamsha pamoja nao. Tunakutakia afya njema, usingizi mnono na wajukuu wasiokamatika. Jumatatu asubuhi, ukipita karibu na uwanja, utaona Kidato cha Pili wanakimbia na mzee mmoja yuko nyuma yao anahema. Usipite kimya, mwenzangu. Ingia unirekebishe mwendo.