Turubai Lenye Picha ya Mheshimiwa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mbunge wetu. Wageni mliofuatana naye. Majirani wa chama kinachotawala, majirani wa chama kinachotaka kutawala, na nyinyi ambao kila mwaka wa uchaguzi husema hamna chama lakini fulana mnazo mbili mbili: tunawasalimu nyote.

UKARIBISHO

Sisi wanachama wa Umoja wa Kufaana tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Tunajua una shughuli nyingi. Mara ya mwisho ulipokanyaga uwanja huu tulikuwa bado tunakuita mgombea, na ulimshika mkono kila mtu, hata fundi viatu aliyekuwa na gundi viganjani. Anasema nusura msiachane. Hatulalamiki, miaka miwili si mingi. Mtoto aliyezaliwa wiki ile ndiyo kwanza anakimbia.

Tunakuomba ukae utulie, maana risala yenyewe ni ndefu kidogo. Kamati iliyoiandika ina watu wa vyama vyote viwili, na kila upande ulikataa sentensi zake zifutwe. Anayeisoma ni katibu wetu, fundi cherehani. Amechaguliwa kwa sababu ameshona sare za vyama vyote, na hakuna aliyewahi kumsikia akisifu kitambaa cha yeyote.

TULIKOTOKA

Mheshimiwa, umoja wetu ulianza miaka kumi na moja iliyopita. Jirani yetu mmoja alifiwa na mumewe, na waliokwenda kumpa pole wakakalia ndoo zilizopinduliwa na matofali. Tuliona aibu. Tukachangishana, tukanunua viti vya plastiki themanini, turubai moja kubwa na masufuria manne. Mwenye msiba anachukua, mwenye harusi anachukua, akimaliza anaosha na kurudisha. Viti vilikaa kwa mwenyekiti wetu, fundi redio, kwenye chumba kilicho nyuma ya kibanda chake. Turubai na masufuria vilikaa kwenye ghala la mtunza vifaa wetu, mama muuza mkaa. Hawa wawili ni kaka na dada, tumbo moja, ziwa moja.

Kwa siasa hawajawahi kulingana. Kaka ni mtu wa chama chako. Yeye husema nchi ni kama redio: ukishapata stesheni, acha kuchezea kitufe. Dada ni wa upinzani, naye humwuliza ni stesheni gani hiyo inayopiga wimbo mmoja tangu yeye hajaolewa. Walibishana hivyo kila asubuhi kaka alipokwenda kununua mkaa, na kila asubuhi dada alimjazia kopo mpaka likamwagika. Sisi tuliokuwa kwenye foleni tulichelewa kazini kwa kuwasikiliza.

Mama yao aliishi kwenye nyumba yake mwenyewe, jirani na wanawe. Mtaa mzima tulimwita Bibi Mpole, kwa sababu hakuwa mpole hata kidogo. Fulana yako, mheshimiwa, aliivisha mto mmoja wa kitanda chake, na fulana ya mpinzani wako akaivisha mto wa pili. Alisema analala serikali iko kulia na upinzani uko kushoto, na hakuna kati yao anayemkosesha usingizi. Akiulizwa alimpigia nani, alijibu kwamba kura yake ni kama meno yake ya bandia, anayeyajua ni yeye na bilauri ya maji.

LILILOTUPATA

Mwaka wa uchaguzi mikutano miwili iliangukia siku moja. Wako ulikuwa uwanjani hapa, na wa mpinzani wako ulikuwa upande wa pili, penye gulio. Mwenyekiti wetu alivitoa viti vyote themanini vikaja kwako, bila kumwuliza mtu. Dada yake aliposikia alichukua funguo zake. Alifungua ghala, akalipeleka turubai kwa mpinzani wako.

Utaikumbuka siku ile. Watu wako walikaa vizuri kabisa, juani. Watu wao walisimama vizuri kabisa, kivulini. Wewe mwenyewe ulifuta jasho jukwaani ukamwuliza msaidizi wako kwa nini hakuna turubai. Tunaomba radhi kwamba jibu limechelewa.

Kikao kilichofuata kilivunjika kabla ya ajenda ya kwanza. Walioshika viti wakajiita Kufaana Asili. Walioshika turubai na masufuria wakajiita Kufaana Halisi. Upande wa viti ukioza binti, wageni walikaa wakachomwa na jua. Upande wa turubai ukiwa na sherehe, wageni walikula wima. Kinyozi wetu, ambaye ni wa turubai, alibaki kunyoa nusu ya mtaa, na ile nusu nyingine ikafuga nywele. Fundi redio aliacha kununua mkaa kwa dada yake, akawa anautafuta mtaa wa tatu, mkaa mbichi wenye moshi. Alikohoa miezi saba kwa ajili ya itikadi.

Bibi Mpole aliwaita wanawe mara nyingi. Kila mmoja alikuja, lakini alichungulia kwanza kuhakikisha mwenzake hayupo. Mwishowe mama yule akasema amechoka kuzaa upya kila wiki, akaacha kuwaita.

Mwezi wa mvua, Jumanne asubuhi, Bibi Mpole alifariki. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha dirishani na chai yake ilikuwa haijapoa.

Mwanawe alipanga viti uani huku mvua inanyesha. Sisi wa upande wake tulivikalia, maji yakitutiririka shingoni. Sisi wa upande wa dada tulikuwa ghalani kwake, pakavu kabisa, tumelikalia turubai lililokunjwa. Kila upande ulingoja kuombwa. Mheshimiwa, tunaona haya kuyasema haya mbele ya mgeni, lakini tulikubaliana risala iwe ya kweli. Tulingoja saa mbili nzima, mama wa watu amelala ndani.

Hatimaye muuza mkaa aliinuka. Alijitwika turubai begani, na tulipotaka kumpokea akatukatalia. Alikatiza mtaa chini ya mvua, akaingia uani kwa mama yake, akalibwaga mbele ya viti. Kaka yake alisimama. Hawakusalimiana. Dada aliinama, akatafuta pembe yenye kamba, akamnyooshea.

"Kaka, shika huku."

Kaka akashika. Akafunga fundo kwenye nguzo likafunguka, akalifunga tena likafunguka tena.

"Na fundo nalo linasubiri kikao cha chama?" dada akamwuliza.

Mwenyekiti wetu alicheka. Kicheko hicho ndicho kilichogeuka kilio, maana tangu alfajiri alikuwa hajadondosha chozi. Dada yake akalikaza fundo mwenyewe, akamshika kichwa, wakalia wote wawili chini ya turubai lililosimama upande mmoja tu, na sisi wengine, wa Asili na wa Halisi, tukakimbilia zile pembe zilizobaki.

Mchana tulikwenda kuzika. Njia ya makaburini inakatizwa na mtaro, na siku ile mtaro ulikuwa umejaa maji mpaka magotini. Ilibidi wengine watangulie ng'ambo na wengine waingie majini, jeneza lipitishwe mikononi. Fundi redio aliteleza katikati. Aliyemdaka ukosi ni kinyozi, mtu ambaye hakuwa amemsalimu tangu uchaguzi. Akamvuta, akamsimamisha, kisha akamnong'oneza kwamba baada ya mazishi apite kibandani, kichwa kile hakifai kuonekana na wageni. Tulimzika Bibi Mpole tukiwa tumelowa sote.

TULIYOYAFANIKISHA

Wiki iliyofuata tulikaa kikao cha saa tatu, na umoja ukawa mmoja tena. Tuliandika kanuni moja tu: vifaa vyetu haviendi kwenye mkutano wa chama chochote, hata mwombaji awe nani. Mwenyekiti alijiuzulu kwa aibu, mtunza vifaa naye akajiuzulu ili asizidiwe. Tukawachagua tena papo hapo. Sharti lilikuwa kwamba ufunguo wa chumba cha viti akae nao dada, na ufunguo wa ghala la turubai akae nao kaka. Tangu hapo hakuna anayeweza kutoa kitu bila kumwamsha mwenzake.

Usidhani wamepatana kisiasa. Wanabishana kila asubuhi kama zamani, na foleni ya mkaa imekuwa ndefu kuliko zamani. Kikohozi ndicho kilichokwisha.

YANAYOTUSUMBUA

Viti themanini sasa ni hamsini na vitatu. Turubai lina viraka kumi na saba, na katibu anayesoma hapa ndiye aliyevishona, kwa hiyo anaijua idadi. Kuhusu kivuko cha mtaro wa makaburini hatuna haja ya kukueleza, kwa sababu ulikiahidi. Mpinzani wako alikiahidi pia. Mwaka ule nyinyi wawili hamkukubaliana juu ya jambo lolote isipokuwa kivuko hicho, nacho ndicho ambacho hakipo.

Sasa tufike kwenye neno zito. Wiki iliyopita msaidizi wako alitujia na habari njema kwamba leo unatukabidhi turubai jipya, kubwa mara mbili ya letu. Alituonyesha kwenye simu yake lilivyo. Lina rangi ya chama chako, na katikati lina picha yako. Ni picha nzuri, mheshimiwa. Unacheka, na meno yote yanaonekana.

Jumapili tuliitisha kikao. Walikuwepo waliosema zawadi haikataliwi, na mvua haichagui chama. Walikuwepo waliosema hawatamlilia mzazi wao chini ya mtu anayecheka. Fundi viatu alipendekeza ligeuzwe ndani nje, tukaambiwa picha inaonekana pande zote. Mabishano yakapanda. Tukaanza kuona watu wanahama viti, hawa huku, hawa kule, kama mwaka ule.

Ndipo mwenyekiti wetu akasimama. Tulidhani atakutetea, na kwa kweli alianza hivyo.

"Mimi ni mtu wake, na nitampigia kura tena," alisema. "Lakini siku ya mama, lile turubai lingekuwa na picha ya mtu yeyote, mimi kamba nisingeishika. Ningemwacha dada yangu amesimama pale mvuani. Najijua."

Waliohama viti wakarudi walipokuwa. Dada yake alikuwa nyuma, anatazama sakafu.

MAOMBI

Kwa hiyo, mheshimiwa, tunaomba kwa heshima zote kwamba lori lililoegeshwa nyuma ya jukwaa lisishushe mzigo. Rudi nalo. Halitakosa kazi kwenye mikutano yako, na kule cheka upendavyo. Ukiona bado tunafaa kusaidiwa, tuletee turubai tupu. Katibu ametafuta rangi isiyo ya chama chochote nchini, amebakiwa na kijivu. Tutakipokea kijivu kwa vigelegele. Ikiwa ni lazima picha iwepo, ichapwe kwenye mfuko wa kulihifadhia.

Tunaomba pia kivuko. Ukihofia mpinzani wako atasema ni wazo lake, mwalike mje mkizindue pamoja. Kina njia mbili, ya kwenda na ya kurudi, kila mmoja atapata yake.

Na tunaomba uje siku moja bila gari la vipaza sauti. Ukae nasi kwenye kiti cha plastiki, kwenye msiba au harusi, usikilize tunavyokusema. Hatukusemi vibaya sana.

Msaidizi wako alituuliza kama ombi hili litakupunguzia kura hapa mtaani. Tumewauliza wanachama. Waliokupigia wamesema watakupigia tena. Wasiokupigia wamesema wataendelea kutokupigia, ila sasa watafanya hivyo kwa mapenzi.

Tunakushukuru kwa kutusikiliza mpaka hapa, na kwa kutotazama saa yako zaidi ya mara nne. Mungu akupe afya, akutunzie mama yako mzazi ambaye tumesikia bado yupo, na awape hekima nyote mnaotuongoza na mnaotaka kutuongoza. Akupe umri mrefu, mrefu sana. Na siku ile isiyomkwepa mtu, ije mbali kabisa, ikimfikia yeyote kati yenu wawili, wewe au mpinzani wako, watu wa nyumbani watuletee habari tu. Tutakuja sote kuwafuta machozi, na mlangoni hatutaulizana kadi.

Ni sisi, watumishi wako na majirani wa kila mtu,

Wanachama wa Umoja wa Kufaana