Takondwa Asipande Kundi

BIBI LESINA: Haloo? Ni nani mwenzangu?

MWALIMU SAKALA: Shikamoo, bibi. Ni Mwalimu Sakala wa shuleni—

BIBI LESINA: Marahaba. Kama ni mbuzi aliyekula mboga za shule, huyo si wangu.

MWALIMU SAKALA: Mbuzi gani? Ni mjukuu wako, Takondwa. Kesho tunawapima tena kusoma, mmoja mmoja. Mara mbili sasa amebaki kundi la herufi, la chini kabisa.

BIBI LESINA: Basi abaki. Kuna ubaya?

MWALIMU SAKALA: Yuko darasa la nne, bibi! Akishindwa kesho, anarudia mwaka.

BIBI LESINA: Kurudia? Hilo hakuniambia... Mwalimu, mtandao mbaya. Krrr— krrrr—

MWALIMU SAKALA: Hiyo krrr ni mdomo wako.

BIBI LESINA: Una masikio, wewe!

MWALIMU SAKALA: Na macho pia. Jana nimemkuta anawasomea wenzake hadithi nzima, hakwami. Akija mbele yangu, hata "ba" haijui. Halafu majirani wanasema umechora miraba uani kwa majivu, unarukaruka kila asubuhi. Wanadhani unaroga.

BIBI LESINA: Ni jirani yangu NyaTembo huyo! Nikianza kuroga, naanza na kuku wake.

MWALIMU SAKALA: Bibi, ule ni mchezo wa kundi la herufi. Mtoto anaita silabi, wewe unairukia.

BIBI LESINA: [anacheka] Magoti yamekwisha, mwanangu. Nimefika "ma". "Nga" inanitesa.

MWALIMU SAKALA: Kumbe mwanafunzi ni wewe!

BIBI LESINA: Kadi za silabi za kwenda nazo nyumbani mnawapa kundi la herufi tu. Akipanda, mimi nani ataniletea? Ndiyo nikamwambia, jifanye mjinga kidogo.

MWALIMU SAKALA: Kama kuna kitu unataka kukisoma, si ungeniletea nikusomee?

BIBI LESINA: Mama yake alinitumia ujumbe kwenye simu hii. Alipokuwa hospitali, Lusaka. Mara tisa. Nikasema, akirudi atanisomea mwenyewe. Hakurudi.

MWALIMU SAKALA: Takondwa anajua?

BIBI LESINA: Anajua nataka kusoma Biblia.

MWALIMU SAKALA: ...Sikiliza. Kesho asome kwa uwezo wake wote. Kadi nitakuandikia wewe, kwa jina lako. Uje saa nane mchana, kundi la herufi.

BIBI LESINA: Nikae na wenye makamasi?

MWALIMU SAKALA: Na utapimwa kama wao.

BIBI LESINA: Nikishindwa?

MWALIMU SAKALA: Unarudia.

BIBI LESINA: Shetani wewe! Takondwa! We Takondwa! Kesho soma yote, umesikia? Ujinga umekwisha!

MWALIMU SAKALA: Bibi, salio linaisha— huo ujumbe, angalia usiufute—

BIBI LESINA: Kufuta sijui. Na hilo usinifundi—

[Simu imekatika.]