Nusu ya Kidonge cha Twaiba

Sikilizeni wanangu, na kabla sijafungua kinywa apeni, kila mmoja kwa jina lake, kwamba neno hili halitavuka kizingiti cha chumba hiki. Mmeapa? Nassir, sijakusikia. Haya. Mimi nami niliapishwa vivyo hivyo na mke mwenzangu Twaiba, na kiapo hicho nakivunja sasa hivi, maana nimemtuma uani akanikorogee uji na hanisikii. Kafara yake mtanilishia maskini kumi, na wali uwe wa nazi, msinitie aibu. Kusema kweli nilikwisha kukivunja kwa Fauzia wa dukani, lakini huyo mmoja tu. Na shoga yake.

Kwanza vitu vyangu, kwa kuwa nawajua, hamtasikia la pili mpaka mpate la kwanza. Nawapa ningali hai, kadhi asisumbuliwe. Minazi ya Gazi ni yako Nassir, uipalilie, usiitazame tu kama bibi harusi. Cherehani ni ya Husna, ijapokuwa hajui hata kutunga uzi. Kitanda hiki apewe Twaiba, aliyekitamani tangu siku alipoletwa juu yangu. Akilalie peke yake, ajue kinavyochoma mgongo.

Sasa lililonifanya niwaite. Mnakumbuka baba yenu Mbwana alivyokwenda: tukampa dawa ya malaria, tukamfukiza, tukamsomea, fizi zinatoka damu nasi tunasema ni joto la tumbo, na siku daktari alipotutajia saratani ya damu, hatukumaliza wiki tukamzika. Husna alikuwa bado na sare ya shule. Tangu hapo hakujua jingine. Miaka kumi na minane anachungulia damu za watu kwenye darubini, wachumba wawili wamemchoka, na wa pili nilikuwa nimeshakula tende za posa yake! Nikimwambia mwanangu pumzika, ananijibu, "Mama, kuna mtu huko anatibiwa malaria asiyokuwa nayo."

Ndipo akapata utafiti wake wa vidonge vya saratani hiyo, kila mgonjwa kimoja kizima kila siku adhana ya alasiri ikilia, na Twaiba, aliyepatwa na ugonjwa ule ule wa baba yenu, akaandikishwa, akipimwa na wenziwe Husna. Vijana damu zao zinatengenea, wazee zimekwama pale pale, na kesho Husna anapanda ndege Ukunda na barua ya kuwaambia wakubwa wake Nairobi kwamba dawa haiwafai wazee, upande wao ufungwe.

Husna, dawa haijashindwa. Dawa inagawanywa! Tsuma wa Lunga Lunga, nduguye Twaiba, naye anaugua, nanyi mlimkataa kwa sababu figo zake mbovu, dawa ingezimaliza. Twaiba akasema, "Nimeze kizima, mtoto wa mama yangu ananitazama? Kizuri kula na nduguyo." Anakipasua kwa wembe, nusu yake, nusu ya Tsuma. Kisha pale kwenye benchi la kliniki akawafundisha wenziwe, nami nimekaa ubavuni mwao nasikia yote: huyu anagawana na mumewe, yule na jirani. Katika wazee wenu tisa, wanaomeza kizima ni watatu. Nanyi na elimu yenu mnahesabu maganda ya vidonge, mnayaona matupu, mnafurahi! Ganda tupu halisemi limelisha wangapi. Mlimuuliza, "Bibi, unameza?" Akajibu, "Nameza." Mlitaka aseme nini? Na Tsuma miguu imemvimba kama mihogo, anaificha kwa kikoi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nimechoka nanyi, wallahi, wasomi na wajinga pamoja.

Nipeni maji... Basi. Mnizike kabla ya adhuhuri, jua lisiwachome wachimbaji. Twaiba msimnunie, atakuwa mama yenu peke yake. Husna, olewa au usiolewe, lakini kula. Mola awape umri wenye faida, awakinge na aibu, awape watoto watakaowasikiliza kuliko... kuliko mlivyonisikiliza mimi.

Hiyo si adhana ya alasiri? Ngojeni. Msinitazame mimi, sifi dakika hii. Nassir, vuta pazia la dirisha la uani. Vuta lote!

Mlidhani Tsuma amesafiri toka Lunga Lunga kuja kuniaga? Mtazameni. Twaiba! Weka wembe chini. Ndiyo, sote tunakuona, ukoo mzima uko dirishani. Na wewe shemeji, usipeleke mkono kinywani, fumbua kiganja... fumbua. Haya. Nusu hiyo hapo, na nusu nyingine iko ulimini mwa dada yako.

Husna, usimpigie kelele, ni mtu mzima yule. Mtazame Tsuma figo. Kisha hiyo barua ya Nairobi... ichane. Andika nyingine. Andika... walimeza nusu.