Nehemiah Shitandi, Fundi wa Mabenchi ya Khayega

Wazee wa Isukha, wachungaji, majirani, na nyinyi nyote mliofika kwa miguu katika tope hili, mulembe, amani kwenu. Familia imeniomba niwasomee maisha ya baba yetu anayelala mbele yetu, nami nitayasoma jinsi yalivyosemwa nyumbani, pamoja na yale ya aibu.

Marehemu Nehemiah Shitandi alizaliwa tarehe 14 Machi 1938, hapa hapa juu ya soko la Khayega, mtoto wa tatu, na mkunga aliyempokea alimwambia mamake kwamba huyu amekuja na mikono ya mtu mzima. Alisoma hadi darasa la nne mwaka 1951, karo ikaisha, babake akamwambia, "Karo imeisha lakini mikono bado iko," akampeleka Kakamega mjini kwa fundi wa mbao, akafagia maranda na kuchemsha gundi miaka mitatu kabla ya kuruhusiwa kushika msumeno. Mwaka 1958 aliandikwa kazi ya useremala katika idara ya ujenzi, akapewa chumba mtaani Amalemba, akatengeneza milango na madawati ya serikali kwa miaka thelathini na minne, hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 1992.

Tarehe 20 Agosti 1960 alimwoa Sellah, ambaye babake alikuwa amemwuliza Nehemiah, "Wewe kijana unakujanga hapa kila Jumapili, una nini?" naye akajibu kwamba kwa sasa hana kitu, lakini wazee watakaokuja kuongea mahari hawatakaa chini, na kweli alileta viti sita vipya mgongoni, safari tatu, kutoka mjini. Mungu aliwajalia watoto saba, wawili wakatangulia, wa mwisho kati ya hao wawili akiwa Immaculate, aliyefariki tarehe 9 Agosti 1991 akiwa na miaka ishirini na minne, hajaolewa, akiacha mtoto wa kunyonya. Kanisa ambalo familia ilikuwa ikisali wakati huo lilituma watu wawili, wakafungua kadi yake ya ushirika, wakasema haina alama ya zaka kwa miaka miwili na kwa hiyo hakuna mchungaji atakayekuja kumzika, wakanywa chai wakaenda. Baba yetu alisoma maombi mwenyewe kando ya kaburi la mtoto wake, kofia mkononi, akikosea mistari. Jioni hiyo alimwambia Mama Sellah, "Nitajenga kanisa ambalo halitauliza maiti kadi," naye Mama akasema, "Kula kwanza," maana alidhani ni uchungu unasema.

Haukuwa uchungu peke yake. Alipostaafu alimwendea mdogo wake, Protus, akaomba kipande cha shamba kando ya barabara, na Protus akampa kwa neno moja, kwamba hapo ni pa kanisa siku zote kanisa litakapokuwapo, na siku halipo pamerudi kwake. Akajenga kwa mbao za mabaki na mabati ya mitumba, akaenda Amalemba kwa mwangalizi Lazarus, mkuu wa makanisa ya Mlango wa Rehema, akaomba wawe tawi, na ibada ya kwanza ikafanyika tarehe 7 Machi 1993, watu kumi na mmoja, wanane wakiwa wa nyumba hii.

Shida yake ilikuwa ni kujulikana. Kanisa lingine pale sokoni lilikuwa na spika mbili na kinanda, yeye hakuwa na kitu cha kununulia hata betri, kwa hiyo aliandika matangazo nyuma ya kalenda za zamani na kuyabandika kwa uji, mbuzi wakala uji na matangazo. Alitengeneza viti vya watu bure ili apate kukaa nao aongee, wakafurahia viti. Siku ya mchezo wa kupiganisha fahali alisimama kando ya njia na ngoma ya kanisa akawapigia watu wanaorudi, nao wakaicheza ngoma yake vizuri sana, wakapita mlango wa kanisa wakicheza, wakaenda zao, na vijana wakamwambia, "Mzee, beat iko sawa, lakini huko ndani hakuna spika, tutafanya nini?"

Ndipo akapata wazo ambalo aliliona kubwa. Alitengeneza mabenchi ishirini yenye migongo, akayapaka rangi ya samawati iliyobaki kazini, na nyuma ya kila mgongo akaandika kwa herufi nyeupe, MLANGO WA REHEMA KHAYEGA, KARIBU JUMAPILI SAA TATU, akasema, "Sellah, mtu aliyekaa matangani tangu asubuhi mpaka wanasiasa wamalize kuongea anaangalia nini? Anaangalia mgongo wa benchi la mbele." Akatangaza kwamba nyumba yoyote yenye msiba itaazimwa mabenchi bure, bila kuulizwa dini wala kadi, na mahali ambapo mchungaji amekataa kufika, yeye atafika. Lakini alijiwekea sheria moja, kwamba akiwa kwenye matanga hatataja kanisa lake kwa mdomo hata mara moja, kwa sababu alikumbuka wale watu wawili na chai yao, akasema mtu anayelia hatafutwi kama mteja.

Hapo ndipo alipokosea, na alijua baadaye. Kwa miaka minne mabenchi yale yalienda kila kilio kutoka Khayega mpaka Shinyalu, hata Mumias yalifika, watu wakayasoma sana, wakalijua jina, na walipoliona walisikia harufu ya kahawa ya matanga. Mzee mmoja mgonjwa aliyaona yakipita kwenye mkokoteni kwenda kwa jirani, akainuka kitandani akafunga lango lake kwa mnyororo. Mwaka 1996 alipeleka mabenchi kwa arusi, bila kuombwa, kwa moyo mzuri tu, na Roda, shangazi wa bi harusi, akamkuta langoni akamwambia, "Nehemiah, rudisha hiyo mizigo yako, mtoto wetu anaolewa, hazikwi." Rafiki yake Mubarak wa Matungu, aliyekuwa akiuza vitambaa sokoni siku za soko, alimpokea kwa salamu yake ya kila mara, "Asalaam aleikum, fundi," kisha akamwambia ukweli akicheka, "Watu wanakuheshimu kama sanda. Mimi sanda nauza, na hakuna mtu ananiulizanga bei mapema." Baba akayapaka kijani. Watu wakasema yamebadilisha nguo lakini ni yenyewe.

Hivyo wenye misiba walimpenda, wakamwita aje awazikie, na Jumapili hawakuonekana. Mwezi wa Juni 1997 mwangalizi Lazarus alikuja akasema tawi lisilofikisha watu wazima arobaini litafungwa, na kwamba atakuja kuhesabu Jumapili ya tarehe 21 Desemba. Baba yetu aliacha kulala vizuri. Mwezi wa Novemba Mama Sellah alimsihi, "Acha kuazimisha mpaka Krismasi, mabenchi yakae kanisani, na wewe ukae kanisani," akakubali, na kwa wiki tano alishika neno.

Ijumaa tarehe 19 Desemba alikuja mama mmoja kutoka ng'ambo ya mto, marehemu mumewe alikuwa mpika chang'aa, pombe ile ya magendo, hakuna aliyetaka kumzika wala kumwazima hata jamvi. Baba alimwangalia Mama Sellah, na Mama Sellah, ambaye hadi leo anasema ni yeye aliyefunga kanisa, akamwambia, "Nenda." Akazika Jumamosi, mvua ikanyesha mpaka mkokoteni ukashindwa kupanda kilima, mabenchi yakalala huko.

Asubuhi ya Jumapili mwangalizi alifika mapema, akakuta chumba kitupu, waumini kumi na tisa wamesimama ukutani, akatoa kalamu. Wakati huo huo ikasikika sauti barabarani, na kila mtu akatoka nje, wakaona watu wa ule msiba wakija, wanaume kwa wanawake, wawili wawili, wamebeba mabenchi vichwani, matope mpaka magotini, na baba yetu katikati yao. Mama Sellah aliwahesabu kwa macho, walikuwa zaidi ya arobaini. Mwangalizi naye akatabasamu, akasogea kando awapishe. Wakayaingiza mabenchi, wakayapanga, wakayafuta maji kwa leso zao, mjane akashika mkono wa baba akasema, "Fundi, umetutoa aibu, Mungu akubariki," na wote wakaaga, kwa sababu nyumbani bado kulikuwa na wageni wa kulishwa. Mama Sellah alimvuta shati akamnong'oneza, "Waambie wakae, saa moja tu, waambie." Baba akaikumbuka sheria yake, akawasindikiza mpaka barabarani. Aliporudi mwangalizi alikuwa ameandika kumi na tisa na ameshika ufunguo.

Tangu siku hiyo waumini kumi na tisa wanasali sebuleni kwetu. Protus naye hakufanya ubaya, alikuja akaongea vizuri, "Yaya, kaka yangu, nimengoja miaka mitano. Kama Mungu hajaleta waumini, wacha mimi nilete wapangaji," na baba akamwomba mwaka mmoja tu, akapewa.

Mwezi wa Januari 1998 obusuma, ugali wetu, ulianza kumkwama kooni, halafu uji, na mwezi wa Aprili madaktari wa hospitali ya mkoa wakatuambia ni saratani. Alilazwa mara tatu. Alikuwa mtu wa kufariji wengine, lakini hatutawadanganya, yeye mwenyewe hakufarijika, alilia mchana akiuliza, "Sellah, ni kwa nini walinitaka kwa kufa tu?" Wiki ya mwisho, sauti ikiwa imekwisha, aliandika kwa kidole kwenye blanketi, tena na tena, mpaka Mama akaelewa, kwamba kwenye matanga ya watu wengine hakuomba kitu, lakini haya yatakuwa yake mwenyewe, na kwa hiyo hapa kuomba kumeruhusiwa. Alituacha Alhamisi tarehe 10 Septemba 1998, saa nane mchana, akiwa na miaka sitini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mafundi wenzake wa idara ya ujenzi waliotengeneza jeneza hili kwa mikono yao, Mzee Mubarak aliyeleta sanda na kukataa kuongea bei, na majirani ambao hawakutuacha hata siku moja.

Na sasa tunasema alilotutuma. Leo ni Jumamosi, na walioketi hapa ni wengi kuliko tunavyoweza kuhesabu, na karibu kila nyumba iliyo hapa aliifikia siku ya msiba. Ndugu yake Protus amekubali kufungua kanisa kesho, na atasimama mlangoni mwenyewe, na wakikosekana arobaini mabati yatashuka Jumatatu. Mama Sellah, kwa mila ya ujane, hawezi kuvuka barabara mpaka siku ya kunyoa nywele matanga yakiisha, kwa hiyo hatakuwapo kuwapokea wala kuona nani amekuja na nani hakuja. Hatuombi mchango, hatuulizi kadi. Tunaomba mje kesho, saa tatu, wakati hakuna aliyekufa, mkae.

Lala sasa, baba yetu, na amani iwe juu yako, kuomba umetuachia sisi.