Mifupa ya Igalula Katika Chumba cha Eksirei

Kijiweni kwetu Mtendeni, mwaka ule wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vipya, habari zilifika kabla ya gazeti. Benchi lilikuwa nje ya duka la Hilali, tuliyemwita Redio kwa sababu hazimiki. Kando yake alikaa Raymundi, mstaafu wa reli, jina lake Behewa. Alasiri moja akaja Wenceslaus, anayepiga eksirei hospitalini, yaani Picha. Akapewa kahawa, akaishika tu bila kuinywa.

— Vipi, Picha? Umefumaniwa? — Redio akauliza.

— Mnaikumbuka ile mifupa iliyofukuliwa Igalula, wanakijiji wakichimba msingi wa ghala lao? Mtaalamu wa chuo kikuu kaileta tuipige picha.

— Mpagazi huyo, — Behewa akakata shauri. — Njia ya misafara ilipita palepale. Kabebeshwa pembe, kaanguka.

— Mtaalamu anasema ana miaka mia sita. Misafara ya pembe ilikuwa haijaanza.

— Basi aliwahi! Mwenda pole hajikwai.

— Malkia huyo, — Redio akadakia. — Kazikwa na dhahabu, ndiyo maana serikali inammulika. Kikulacho ki nguoni mwako!

— Hata nguo hana, Redio.

Tukacheka. Picha hakucheka.

— Ni mwanamke. Mguu ulimvunjika utotoni, ukaunga. Halafu ndani ya mfupa kuna mistari. Eti kila mstari ni njaa iliyompata akiwa anakua.

Behewa akajishika goti.

— Njaa inaandika kwenye mfupa? Hata hii ya mwaka huu, kwa wajukuu zangu?

— Inaandika, mzee.

Behewa akalisugua lile goti.

— Wala si hilo lililonitoa jasho, — Picha akaendelea. — Kiuno kilikuwa kimeshikwa na bonge la udongo, tukalipiga picha lilivyo. Nikaichovya filamu kwenye dawa, nikaitazama. Ndani ya nyonga kuna fuvu la pili, dogo. Na vijimbavu vyembamba kama vya kuku. Mtoto, jamani. Kichwa chini, tayari kuzaliwa.

— La ilaha illallah! — Redio akaruka.

Behewa akafanya ishara ya msalaba.

— Labda bado anangoja kuzaliwa, — Redio akanong'ona, na safari hii hakuna aliyemcheka.

Mlangoni pa duka alikuwa amesimama mama mmoja, Koleta, aliyeshuka na treni kutoka Igalula kuja kununua chumvi.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba.

— Huyo mtaalamu, atamtenganisha mama na mtoto wake?

Behewa akainamia kahawa yake.

— Sijui, mama, — Picha akasema. — Nimemwacha anaomba beseni la maji, alilowanishe lile bonge.

Akaweka kikombe chini, akatoka mbio kurudi hospitali. Tukamkaribisha Koleta akae, akakataa.

Picha alirudi jua limeinama, shati limelowa jasho.

— Bonge liko zima. Nimemwambia, ndugu mtaalamu, mtoto umeshamwona kwenye picha, udongo unauvunjia nini? Akaitazama tena ile filamu. Kisha akayamwaga yale maji.

Koleta akashusha pumzi.

— Jembe lililomgonga kule msingini lilikuwa langu, — akasema, akajifunika uso kwa kanga, akalia.

Redio akasogea, Behewa akasogea, tukampisha katikati ya benchi.