Nani Kakaa Ndani ya Pampu?

Saa tano na robo asubuhi, kwenye benchi la kinyozi mkabala na ofisi ya maji, Fundi Waya alikuwa na kompyuta ya kazini mapajani na kahawa iliyopoa mkononi. Juzi alifunga kisanduku kwenye pampu ya kilimani: upande huu waya wa pampu, upande ule mtandao, ili aongee na pampu kwa maandishi akiwa popote. Meneja hakukipenda. Alisema leo kabla ya saa sita pampu iwashwe kutoka mbali, la sivyo kisanduku king'olewe na Fundi arudi kulala kilimani. Mkewe alikuwa na wiki tatu tangu ajifungue. Na skrini ilikuwa inarudia jambo lile lile: LAINI INA MTU.

— Mtu gani? aliuliza Wembe, kinyozi, akianika taulo.

— Sijui. Kisanduku kinapokea mtu mmoja tu. Akishaingia, mwingine anabaki nje.

— Kama choo cha wapangaji.

— Hivyo hivyo.

— Basi gonga, atoke!

— Nagonga tangu saa tatu.

Gazeti, karani mstaafu ambaye habari zote humfikia kwanza, alivua miwani.

— Wezi wa maji hao. Wameingia kwa mtandao.

— Maji yanaibwa kwa ndoo, Gazeti.

— Zamani! Siku hizi yanavutwa kwa waya. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Methali hiyo unaipeleka wapi?

— Kilimani.

Bi Birika, muuza kahawa, alikataa.

— Ni meneja. Kajifungia humo ili ushindwe.

— Meneja printa tu inamshinda, alisema Fundi.

— Basi ni pampu yenyewe! alisema Wembe. Imezoea kushikwa kwa mkono, leo unaiita kwa mbali. Imenuna. Haba na haba hujaza kibaba.

Fundi hakucheka. Ilikuwa saa sita kasoro ishirini.

Akatokea shemeji yake, mdogo wa mkewe, anahema.

— Shikamoo Bi Birika. Shemeji, dada anauliza, ile kompyuta yako uliyoiacha wazi mezani tuizime? Inapiga kelele, mtoto halali.

— Kelele za nini?

— Imeandika: TANGI TUPU. WASHA? N AU H. Hatujagusa, tumeona ni vitu vya kazi.

Taulo lilimponyoka Wembe. Fundi alipiga simu nyumbani.

— Mama Mtoto, bonyeza N. Moja tu. Haya, soma.

Mtoto alisikika akilia, kisha sauti ya mkewe:

— PAMPU IMEWAKA.

Fundi alifunga kompyuta, akavuka barabara kwenda kwa meneja. Shemeji alibaki anawatazama.

— Kwani tangu asubuhi hapa mlikuwa mnamtafuta nani?

Gazeti alivaa miwani, akasogeza kikombe. Bi Birika aliinamisha birika. Halikutoa kitu.